Shule Isiyokuwapo

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mtoto wake wa kwanza, kwa sauti ya kukwamakwama, chini ya turubai lililofungwa kuanzia ukuta wa nyumba mpaka nguzo ya umeme. Ulitaja shule zote alizofundisha Mwalimu Ngailo, kuanzia Njombe mpaka hapa Tabata alipostaafia, na kila shule ilipotajwa kuna watu walitikisa vichwa na wengine wakafuta machozi. Shule niliyosoma mie haikutajwa. Nilijua haitatajwa, na bado nikakasirika, nikakaa pale kwenye kiti cha plastiki khanga nimeikaza kichwani, nimenuna kama mtoto aliyerukwa kwenye kugawiwa pilau. Haikutajwa kwa sababu haikuwapo. Haikuwa na namba ya usajili wala mkuu wa shule, majengo yalikuwa ya kuazima, na wanafunzi wake wote walikuwa waigizaji. Lakini Mwalimu Ngailo alinifundisha humo mwaka mzima, na kama kuna mtu pale msibani aliyefundishwa naye akafundishika, basi ni mie.

Tumaini, niliyeigiza naye enzi hizo, alikuwa ameketi pembeni yangu. Hatukuwa tumeonana miaka na miaka, na kwanza sikumtambua, maana msichana mwembamba niliyemjua alikuwa amegeuka mama mzima mwenye miwani na mjukuu. Mchungaji alipouliza kama yuko mwanafunzi mmoja wa marehemu wa kusema neno, Tumaini akanichoma kiwiko. "Shoga, si usimame wewe?" Nikamwambia, "Nisimame niseme nini? Kwamba nilisoma kwenye televisheni?" Tukaanza kucheka, kicheko kile kibaya cha msibani ambacho ukikizuia kinazidi, mpaka mama mmoja wa kwaya akageuka akatukata jicho. Akasimama mzee mmoja wa Njombe, akasema vizuri sana. Mie nikabaki na ya kwangu kifuani, na ndiyo ninayoyaandika sasa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa mwanafunzi. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo nililolificha kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimefeli mtihani wa kidato cha pili, nikarudia darasa, nikafeli tena, na utaratibu wa wakati ule ulikuwa ukifeli mara mbili unakwenda zako nyumbani. Hesabu ndiyo iliyonimaliza, mara zote mbili. Dada yangu Mwanahawa alikuwa amepanga chumba Tabata kwa Mama Shukuru, akanichukua nikae naye, na mchana nikawa naosha wateja nywele kwenye saluni aliyokuwa anasukia. Siku tuliyohamia, Mama Shukuru aliniuliza nasoma wapi. Dada hajafungua hata mdomo nikajibu, "Nasoma jioni, mama." Hivihivi tu, bila kufikiri. Dada akanitazama, na kuanzia hapo uongo ule ukawa wetu wawili. Jioni nilikuwa najifungia chumbani taa imezimwa ili wapangaji wajue nimekwenda shule. Ukitaka kujua aibu ni nini, kaa gizani kwenye chumba chako mwenyewe, unasikia watu uani wanakaanga samaki na kusimuliana, na wewe unaogopa kukohoa.

Braza Mbwana aliingia saluni siku moja kumfuata mkewe aliyekuwa anasukwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia isiyotoka kichwani, na alikuwa anatafuta vijana wa tamthilia yake mpya, Kengele ya Saa Nane, mambo ya wanafunzi wa sekondari: mapenzi, wivu, mitihani, vijembe vya chooni. Akanikuta nimekorofishana na mteja aliyedai nimemwagia maji ya moto. Nilimjibu yule mteja maneno ambayo hapa siyaandiki. Dada akanyanyua mkono anizabe kofi, na Braza Mbwana akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ndiye Jaki wangu," akasema. "Oya, sista, unasoma?" Nikasema nasoma. "Kweli? Maana kituo cha televisheni wamenibana, wanataka wanafunzi wa kweli. Sitaki mtu wa mtaani wa kuvalishwa sare, nikimgundua namtoa siku hiyohiyo." Nikamwangalia machoni, mikono yangu imejaa povu. "Nasoma, braza." Wiki mbili baadaye fundi cherehani akanipima sketi ya bluu, na nilipoivaa mbele ya kioo cha dada sikutaka kuivua. Sioni aibu kusema kwamba nililala nayo.

Tulirekodi Jumamosi na Jumapili asubuhi kwenye shule moja mpya ya watu binafsi, Mabibo, ambayo ilikuwa bado haina hata kidato cha nne. Darasa letu lilikuwa la mwisho kabisa kwenye korido, dirisha moja halina kioo limezibwa na boksi, na ukutani kuna ramani ya Afrika iliyochorwa na mtu aliyesahau Madagaska. Harufu ya rangi ilikuwa haijaisha. Chai tulikunywa saa nne, chai ya rangi ya tangawizi na maandazi aliyoyaleta mama mmoja kwenye ndoo nyeupe, na saa saba tunakula wali maharage kwa kugombea kijiko, maana vijiko siku zote vilikuwa pungufu ya watu. Kamera ilikuwa ya kukodi. Mwenyewe alikuwa mpiga picha wa harusi, kwa hiyo maisha yetu yote yaliendeshwa na harusi za watu: ikiwapo harusi mchana, tunamaliza saa sita, na kama bibi harusi ametaka kupigwa picha akiwa saluni, basi siku hiyo haturekodi kabisa. Hakukuwa na karatasi yenye maneno ya kusema. Vijana wa leo nikiwasimulia wanadhani natania. Braza Mbwana alisimama mbele yetu akasema, "Jaki, wewe unaingia, unamkuta Neema anasoma, unamchamba, anakujibu, unaumia, unatoka. Maneno mnayo wenyewe." Halafu anapiga makofi na kamera inawaka. Neema ndiye alikuwa Tumaini, msichana maskini mwenye akili. Mie Jaki nilikuwa mtoto wa tajiri, mrembo, kichwani hamna kitu. Kuchamba nilikuwa nimezaliwa nako, na kwa hilo la kichwani, nilijiambia kwa uchungu, wala sihitaji mazoezi.

Mwalimu Ngailo alikuja wiki ya tatu. Aliyekuwa anaigiza mwalimu alipata kazi Arusha akaondoka bila kuaga, na Braza Mbwana akakumbuka kuna mzee jirani yake amestaafu ualimu, atafaa, hata suti anayo. Akaja na suti ya kahawia na chaki zake mwenyewe amezifunga kwenye gazeti. Braza Mbwana akamweleza: afundishe kidogo, dakika mbili hivi, halafu Jaki atapiga mwayo na hadithi itaendelea. Mzee akasikiliza, akauliza, "Hawa ni kidato cha ngapi?" Cha tatu, akaambiwa. "Wameishia mada gani?" Hakuna aliyewahi kujiuliza shule yetu imeishia mada gani. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kana kwamba amekuta darasa limetelekezwa, akageukia ubao, akaandika tarehe, akapiga mstari, akaanza kutufundisha milinganyo. Dakika mbili zikapita, kumi zikapita. Nilipiga mwayo kama nilivyoagizwa, na mzee akasema, "Wewe uliyechoka, simama, utasikia vizuri." Nikasimama. Nilisimama mpaka mwenye kamera akasema kanda imekwisha. Braza Mbwana alimvuta pembeni, na tukasikia kila neno maana dirisha lilikuwa la boksi. "Mwalimu, hili ni igizo tu." "Naelewa, bwana. Lakini ubaoni hakuna maigizo. Nikiandika pale, ni kweli."

Hapo bado. Jumapili yake, chai haijafika, akasema, "Kusanyeni madaftari." Tulidhani ni mbwembwe. Madaftari yetu yalikuwa ya kupendezea kamera; la kwangu lilikuwa na mistari miwili ya hesabu na kurasa kumi za majina ya watoto nitakaowazaa. Aliyachukua yote, akakaa kwenye ngazi ya korido na andazi lake mkononi, akasahihisha moja moja kwa kalamu nyekundu. Wengine walirudishiwa wakicheka. La kwangu alibaki nalo. Aliniita, nikaenda, nikamwamkia mara ya pili kwa woga. "Marahaba. Unasoma shule gani?" Nikataja shule moja ya Kinondoni niliyowahi kuipita tu kwa nje. Akanionyesha kwa kidole pale nilipohamisha namba upande wa pili bila kugeuza alama. "Hili kosa ni la mtu aliyeachwa kidato cha kwanza, na hakuna aliyerudi kumchukua," akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha Nyanda za Juu, kila silabi imesimama peke yake. "Kidato cha tatu hawafanyi kosa hili. Wanafanya mengine." Nikajua nimekwisha, atamwambia Braza Mbwana, sketi itavuliwa, nitarudi kwenye povu. Nikaanza kulia palepale na andazi la mtu mbele yangu. Yeye akafunga daftari. "Jumamosi ijayo njoo saa moja, kabla ya wenzio. Usilie, utamwaga machozi kwenye kazi niliyosahihisha."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi na Jumapili nilitoka Tabata kwa miguu asubuhi mapema, sare nimeivaa kabisa, na watu njiani walinipisha kama wanavyompisha mwanafunzi anayewahi namba ya asubuhi shuleni. Mlinzi alikwisha kunizoea, ananifungulia bila kuuliza. Mwalimu anakuwa ameshafika, amefuta ubao, dirisha la boksi amelifungua hewa ipite. Hakunibembeleza hata siku moja. Nikikosa anasema, "Tena." Nikipata anasema, "Tena." Mwezi Machi akanijia na fomu ya mtihani wa maarifa, ule ambao wote tunauita QT, wa watu waliokosa kidato cha pili wanaotaka kurudi kwenye mstari. Ukiufaulu, unaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne ukiwa mtu wa nje. Dada Mwanahawa alitoa ada bila kuniuliza mara mbili, akasema tu, "Usinitie aibu, Zuhura, nimeshakaa gizani na wewe vya kutosha." Nikajaza fomu. Mpaka leo nikiwaza, naona mzee yule alikuwa na njia rahisi zaidi ya kunisaidia: angeweza kunitetea kwa Braza Mbwana, angeweza kumwambia mtu. Hakumwambia mtu. Aliona siri ni yangu, nitaitua mwenyewe nikichoka kuibeba.

Wakati huohuo Jaki alikuwa amekuwa mtu maarufu, na umaarufu wake ulinichoma. Tamthilia ilionyeshwa Alhamisi saa moja jioni, siku niliyodai hatuna masomo, na hata wasiokuwa na televisheni waliiona kwa majirani. Wapangaji wote wa Mama Shukuru walikusanyika sebuleni kwake, kwenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, sie wengine chini kwenye mkeka, na Mama Shukuru mwenyewe akimtukana Jaki mie nikiwa nimekaa miguuni pake. "Hivi huyu mtoto ana nini kichwani, makapi?" Halafu ananikumbuka. "Si wewe, mwanangu. Yule." Buguruni sokoni ndiko kulikozidi. Kulikuwa na mama muuza nyanya aliyekataa kuniuzia mpaka nijibu hesabu. "Jaki! Saba mara nane ngapi?" Wenzake wote wanageuka. Mwezi wa pili nilisema hamsini na nne, soko zima likalipuka kwa kicheko, wakaniongezea nyanya mbili za huruma. Walidhani naigiza. Nilirudi nyumbani na zile nyanya nikazikata kwa hasira mpaka dada akaninyang'anya kisu. Nilikuwa nimefeli mbele ya serikali, sasa nafeli na mbele ya fungu la nyanya.

Mwezi wa nane ukafika ule mkasa wa ubaoni. Braza Mbwana alikuwa amepanga Jaki aitwe kutatua mlinganyo, achore upuuzi, darasa limcheke, mwalimu amwekee alama kubwa ya kosa, naye akimbie akilia na kuangukia kwa mwanamume mwenye gari. Hadithi yote ya miezi iliyobaki ilitundikwa hapo. Nilikubali, kazi ni kazi. Nilikuwa nimesimama koridoni nasubiri kuitwa nikamsikia Braza Mbwana akimwambia mwenye kamera, "Hapa sina wasiwasi. Zuhura hilo haigizi, ndivyo alivyo." Wakacheka kidogo, bila ubaya wowote, kama watu wanavyocheka wakifanya kazi. Hawakujua chochote. Lakini mie nilisikia masikio yanawaka. Nikaitwa, nikaingia, nikakuta ubaoni Mwalimu ameandika tano x kutoa nane ni sawa na mbili x kujumlisha saba. Alikuwa ameandika tu la kawaida. Nikashika chaki. Nilipaswa kuchora moyo na mshale. Nikahamisha mbili x, nikageuza alama. Nikahamisha nane, nikageuza alama. Tatu x ni sawa na kumi na tano. Darasa lilikuwa limeshaanza kucheka kama lilivyoagizwa, likanyamaza vipandevipande, wa mwisho kunyamaza alikuwa Tumaini. Nikaandika x ni tano, nikapiga mistari miwili chini yake, nikamgeukia Mwalimu.

Mwalimu Ngailo aliitazama ile hesabu mstari kwa mstari, hakuna haraka, kamera inazunguka. Akaweka alama kubwa ya vema. "Kaa," akasema. Braza Mbwana akaruka katikati. "Kata! Kata! Zuhura, umerogwa?" Nikaomba radhi, nikasema turudie, nitakosea. Ubao ukafutwa, mzee akaiandika tena, nikachora moyo wangu na mshale, darasa likacheka vizuri, na Mwalimu akasimama tu na chaki mkononi. "Mpe kosa, Mwalimu," Braza Mbwana akanong'ona. "Siwezi. Huyu ameshapata." "Lakini sasa hivi amekosa!" "Amekosa kwa kuwa umemwambia akose. Mie nimefundisha miaka mingi, bwana, sijampa kosa mtoto ninayejua amepata." Braza Mbwana akavua kofia, mara ya kwanza tukaona kipara chake. Akambembeleza, akamwapia, akamwambia riziki za watu ziko hapa. Mzee akasema pole sana, kwa heshima zote, na hakusogea. Saa sita ikagonga, na mwenye kamera akaanza kukunja nyaya zake maana alikuwa anawahi harusi Temeke na bibi harusi alishatoka. Iliyofika mwisho kwenye kanda ni ile ya kwanza tu, niliyopata, ikabidi itumike hiyohiyo. Braza Mbwana hakuniongelesha wiki mbili. Lakini ilipoonyeshwa, Alhamisi ile, sebule ya Mama Shukuru ililipuka kwa vigelegele kana kwamba timu yetu imefunga, na Jumamosi yake yule mama wa Buguruni alisimama juu ya kreti akapaza sauti, "Jaki kapata! Njooni mumwone, kapata!" Akanijazia mfuko. Nikamwambia, "Saba mara nane hamsini na sita, mama." Akasema, "Najua, mwanangu, mie nauza nyanya."

Hadithi ikabidi igeuke, Jaki akaanza kusoma, na watu wakampenda kuliko Neema. Mpaka Novemba. Mwezi ule harusi zilijaa kila wikendi, watu wanawahi kabla ya Majilio, ambapo makanisa hayafungishi ndoa, na kamera haikupatikana hata kwa dawa. Braza Mbwana akatutangazia kwamba sehemu ya mwisho tutairekodi Jumatano, saa mbili asubuhi, bila kukosa. Jumatano ile ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wangu wa hesabu. Tulikuwa tunakula. Nikaweka kijiko chini. "Braza, Jumatano mie siji." "Unasemaje?" "Siwezi." "Kwa nini usiweze? Una nini?" Ningesema nina mtihani, Tumaini angejua palepale, maana wiki ile waliokuwa na mtihani ni kidato cha nne na watu wa QT tu, na mie kidato cha nne sikuwa. Watu wote wananitazama. Nikamtazama Mwalimu Ngailo, alikuwa anamenya chungwa, hata macho hakuinua. Braza Mbwana akachemka. "Sawa. Baada ya kila kitu nilichokufanyia. Usipokuja, Jaki ameacha shule. Nitaitoa hivyohivyo, Neema atasema, kwisha." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya vyoo na kulia kama sijawahi kulia. Kuacha shule! Neno lenyewe nililolikimbia mwaka mzima, ndilo litakalosemwa mbele ya Tabata yote na Buguruni yote, na mie ndiye nitakuwa nimelichagua. Mwalimu akanikuta pale. Nikamwambia, "Watasema nimeacha shule, Mwalimu." Akasema, "Watasema." Akanipa nusu ya chungwa. "Jumatano uende na kalamu mbili, moja ikigoma una nyingine."

Nilikwenda. Kituo changu kilikuwa shule moja upande wa Temeke, na kwenye chumba kile kulikuwa na mama aliyekuja na mtoto mgongoni akampokeza dadake mlangoni, askari mgambo wawili, na baba mmoja mwenye mvi aliyenuka sabuni ya kufulia. Nilikuwa nimejipa taabu mwaka mzima nikidhani niko peke yangu. Msimamizi alitazama picha yangu kwenye kitambulisho, akanitazama mie. "Wewe si Jaki? Mnarekodi hapa?" Nikasema, "Hapana, mwalimu. Nafanya mtihani." Akacheka, akaona mie sicheki, akaacha. "Basi kaa pale dirishani, pana mwanga." Saa moja na nusu hivi baada ya kuanza, niliinua kichwa nikafikiria kwamba muda huu kule Mabibo Tumaini anafungua mdomo kusema nimeacha shule. Moyo ukaniuma kwelikweli. Halafu nikageuza ukurasa, kwa sababu maswali yalikuwa bado.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Desemba. Nilitaka kubaki chumbani, dada akanitoa kwa mkono. "Leo hatukai gizani." Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Nikakaa kwenye mkeka nikajikunja. Darasa letu likatokea, ramani ile isiyo na Madagaska, wenzangu wote wamekaa, na dawati langu tupu. Mwalimu Ngailo akaingia na suti yake ya kahawia, akafungua kitabu, akaanza kuita majina. Akafika kwa Jaki, kimya. Akaita tena. Tumaini akasimama, uso umeinama, akasema kama alivyoagizwa, "Hayupo, Mwalimu. Jaki ameacha shule." Mama Shukuru akapiga kofi pajani. "Nilijua!" akasema. "Nilijua tu!" Na kwenye kioo Mwalimu Ngailo akavua miwani. Hakuonekana kuigiza, hakuwahi kujua kuigiza. "Nani kakwambia?" akasema. "Jaki hajaacha shule. Yuko kwenye mtihani wa hesabu sasa hivi. Kaeni kimya, wenzenu wanafanya mtihani." Akaandika kitu kwenye kitabu chake, akaita jina linalofuata. Tumaini alinisimulia baadaye kwamba Braza Mbwana alikata mara tatu na kurudia mara tatu, na mara zote tatu mzee alisema vilevile, neno kwa neno, mpaka Braza Mbwana akakaa kwenye dawati langu akasema haya, iendelee.

Sebuleni ikawa vurugu. Mtihani gani? Mbona hawakuuonyesha? Mpangaji mmoja akasema labda ni wa kwenda Ulaya. Mama Shukuru akainama akaniangalia pale miguuni pake. "Zuhura, wewe si ndiye mwenyewe? Hebu tuambie, mtihani gani huo?" Dada Mwanahawa alikuwa ameegemea mlango, na hakunisaidia. Nikasikia sauti yangu inatoka. "Wa QT, mama. Nilifeli kidato cha pili mara mbili. Mie sisomi jioni, sijawahi kusoma jioni, nilikuwaga nakaa chumbani nimezima taa." Televisheni iliendelea peke yake, hakuna aliyeitazama. Mama Shukuru alinishika bega kwa mkono wake mzito, nikasubiri aseme chochote anachotaka kusema.

"Sasa hiyo hesabu," akasema, "umepata?"

"Nimepata," nikamjibu, na matokeo yalikuwa bado miezi miwili kutoka, na yalipotoka sikuwa nimekosea.